Hofu ya Kushtakiwa Isiwanyime Watoto Viwanja

Wengi katika wasomaji wetu wa Unguja na Pemba hawajafika Mgololo, na huenda wakauliza kijiji cha Wilaya ya Mufindi, kilichozungukwa na misindano ya Sao Hill, chatuhusu nini sisi tuliozoea minazi na mikarafuu. Twawaomba watuvumilie kidogo. Anayekwenda huko huiacha barabara kuu ya Iringa na Mbeya pale Nyololo, akapanda na kuteremka katikati ya mashamba ya chai, mpaka afike penye kiwanda cha karatasi. Kiwanda hicho kilianza kazi katikati ya miaka ya 1980 kikiwa mali ya umma, kikasimama katika miaka ya 1990, na baadaye kikaingia mikononi mwa watu binafsi. Baadhi yetu tulilisikia jina la Mgololo kwa ajili ya karatasi zake kabla ya kuliona kwenye ramani.

Lakini lililotufanya tushike kalamu ni watoto wa huko. Jioni moja, baada ya skuli kufungwa, tuliwakuta juu ya mteremko wakiwa na vigari vyao. Kigari chenyewe ni ubao wa msindano uliookotwa katika mabaki ya mbao, ukapigiliwa vipande viwili vya kukingama, na chini yake pakatiwa beringi kuukuu za magari au magurudumu ya mti yaliyochongwa kwa panga. Mtoto hukaa juu yake, au hulala kifudifudi, akajiachia, na ubao ukateremka kwa mlio unaosikika ng'ambo ya bonde. Chini ya mteremko ule ndipo yanapopita malori ya magogo. Watoto wamejiwekea utaratibu wao. Mmoja husimama penye kona, na akiliona lori hupiga mbinja, na wenziwe hujitupa majanini pamoja na vigari. Siku ile mlinzi wa kona alikuwa mtoto wa miaka kama minane, mkono wake wa kushoto umefungwa plasta. Tulipomwuliza aliumia wapi, alituonyesha kwa kidevu mahali penyewe, hatua chache tu kutoka pale aliposimama.

Usiku ule tulikaa na afisa mmoja wa halmashauri moja ya Nyanda za Juu Kusini. Jina lake hatulitaji, wala la halmashauri yake, kwani alilolisema lingeweza kusemwa na maafisa wengi, wa Bara na wa Visiwani. Tulimwuliza kwa nini watoto wa namna hii wasitengenezewe mahali pao pa kuteremkia, sakafu laini ya saruji iliyo mbali na barabara. Alicheka kidogo, akajibu: “Ndugu, tukiwajengea na mmoja akavunjika, tutashtakiwa. Wakianguka barabarani hakuna wa kutushtaki.”

Tumelifikiria jibu hilo siku nyingi. Si jibu la mtu mbaya. Ni jibu la mtumishi mkweli aliyeisoma hali ilivyo, na kwa sababu hiyo lastahili kuchunguzwa badala ya kulaumiwa tu. Ikiwa kujenga kwaleta kesi na kutojenga hakuleti kesi, basi kila halmashauri yenye busara ya kihasibu itaacha kujenga, na watoto wetu watabaki barabarani kwa ajili ya usalama wa hazina ya halmashauri.

Visiwani hali si tofauti sana. Siku za Idd watoto wetu hupata Kariakoo na Mnazi Mmoja hapa Unguja, na Tibirinzi kule Chake Chake. Wakavaa, wakapanda bembea, wakala malai. Idd ikimalizika, mtoto wa Ng'ambo hurudi kwenye uchochoro na barabara ya daladala. Viwanja vilivyoachwa na wapimaji wa ardhi kwa ajili ya michezo vingi vimekwisha kuotwa na kuta, Unguja kama Dar es Salaam.

Sasa, je, afisa yule anaijua sheria? Anaijua nusu yake. Sheria tuliyoirithi aghalabu haimtozi fidia mtu aliyekaa kimya asitende lolote; humkamata aliyetenda kwa uzembe, au mwenye mahali aliyewaacha watu waingie ilhali anajua pana hatari.  Asili yake ni kanuni zilizotokana na hukumu za majaji wa Uingereza, zilizopokewa Tanganyika kwa kipimo cha tarehe 22 Julai 1920. Kanuni hizo za kale humgawa anayeingia katika mafungu: aliyealikwa, aliyeruhusiwa, na aliyejiingiza mwenyewe. Wajibu kwa wa kwanza ni mkubwa, kwa wa mwisho ni mdogo. Jirani zetu wa Kenya wanayo sheria yao ya wajibu wa mwenye mahali, iliyoyaunganisha mafungu mawili ya kwanza na kuyawekea wajibu mmoja: kuchukua hadhari ipasayo ili mgeni awe salama kwa shughuli iliyomleta.

Hata hivyo mafungu yale ya kale hayamwachi mtoto bila kinga. Mwaka 1921 malodi wa Uingereza waliletewa shauri la baba aliyefiwa na mwanawe wa miaka saba katika mji wa Glasgow. Mtoto alikuwa akicheza katika bustani ya umma, akachuma matunda ya kichaka kilichopandwa na halmashauri ya mji, akala. Matunda yale yalikuwa mazuri kwa sura, na yalikuwa sumu. Halmashauri ilijitetea kuwa haina la kujibu. Malodi wakasema shauri lina msingi na lisikilizwe: mji uliowafungulia watoto bustani, ukajua kuwa mna kitu kinachowavuta na kuwaua, na usiweke uzio wala onyo lenye kufahamika na mtoto, hauwezi kusema mtoto yule alijitakia mwenyewe.

Lakini shauri la pili afisa wetu angepaswa kulijua zaidi. Mwaka 1995 kijana wa miaka 18 aliingia katika ziwa la bustani ya umma huko Cheshire, Uingereza, akajitupa kichwa mbele akiwa amesimama kwenye maji ya kina kifupi, akavunjika shingo na kupooza. Mabango ya kukataza kuogelea yalikuwapo. Halmashauri ilikuwa hata imekusudia kuzifunika fukwe za ziwa lile kwa udongo na mimea ili watu wasije tena, lakini ilikuwa haijapata fedha za kazi hiyo. Shauri lilipanda mahakama kwa mahakama, na mwaka 2003 Baraza la Malodi likaamua kuwa halmashauri haidaiwi kitu. Hatari ya kujitupa kwenye maji yasiyojulikana kina chake ilikuwa wazi kwa mtu mzima yeyote, na haikuwa haki kuwafungia fukwe watu wote walioketi kwa utulivu pamoja na watoto wao kwa sababu ya wachache wanaojitosa. Hukumu hizi haziwafungi majaji wetu, ila huwaongoza, na twaona hekima yake yafaa huku kwetu.

Msomaji wa Mjini atakuwa amekwisha kufika Forodhani kabla yetu. Kila alasiri vijana hukimbia juu ya ukuta na kujirusha baharini huku wageni wakipiga picha. Kijana mkubwa aliyezaliwa Malindi anajua maji yamejaa au yamekupwa. Akijirusha wakati wa kupwa, hatari ni yake na hawezi kuisingizia Manispaa. Lakini tuseme fundi amekuja kutengeneza ukuta ule, akasahau nondo imesimama chini ya maji mahali pale pale wanapotua, na mwenye ukuta akaambiwa asiitoe. Hapo hatari haikuwa ya bahari. Hata maji yangekuwa ya bamvua, kijana hakuwa na njia ya kuiona.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo lote. Kila mchezo una hatari yake iliyo wazi, nayo humfuata mchezaji mwenye umri wa kuitambua. Hatari iliyojificha, iliyotokana na ujenzi mbovu au matengenezo yaliyoachwa, humfuata mwenye kiwanja. Na kadiri mchezaji anavyokuwa mdogo ndivyo mambo mengi zaidi yanavyohesabiwa kuwa yamejificha kwake.

Sisi tuliopitia chuoni kabla ya kuingia skuli ya Serikali hatukuhitaji kungoja malodi watufundishe haya. Mafakihi wametueleza tangu zamani habari ya mchimba kisima: aliyechimba katika njia ya watu bila idhini, na mtu akatumbukia, dhamana iko juu yake, aliyechimba ndani ya milki yake, na mtu akaingia bila kualikwa, hana dhamana hiyo. Na yasimuliwa kwamba Sayyidna Umar, naye yuko Madina, aliogopa kuulizwa na Mola wake kuhusu mnyama aliyejikwaa huko Iraki, kwa nini hakumsawazishia njia. Hatudai kwamba Mahakama Kuu ihukumu kwa masimulizi haya. Twayataja ili kiongozi asidhani kuwa uwajibikaji wa mwenye madaraka kwa njia na viwanja ni jambo lililoletwa jana na mawakili.

Turudi kwenye ubao na magurudumu, maana watoto wa Mgololo, bila kujua, wameushika mchezo ambao dunia nzima sasa inauchukulia kwa uzito. Huko ng'ambo vijana husimama juu ya ubao mfupi wenye magurudumu manne, waita skeitibodi, na mchezo huo uliingia katika Olimpiki za Tokyo zilizofanyika mwaka 2021. Afrika Mashariki uwanja wake wa kwanza ulijengwa mwaka 2006 Kitintale, mtaa wa Kampala, kwa mikono ya vijana wenyewe. Nairobi ilipata wa kwake mwaka 2013 katika makao ya watoto ya Shangilia, kwa msaada wa Wajerumani. Viwanja hivi viwili havikuanzishwa na halmashauri za miji. Vimeanzishwa na wakazi, wafadhili na taasisi za hisani, na ndio waliobeba mzigo wa kutazama ufa na kuuziba.

Marekani, ambako watu hushtakiana kwa jambo dogo kabisa, miji mingi ilikuwa na hofu ile ile ya afisa wetu. Jimbo la California likaitafutia dawa mwaka 1997. Lilitunga sheria iliyosema wakati huo kwamba mchezaji wa skeitibodi mwenye umri wa miaka 14 au zaidi, aliyefanya mizungu yake katika uwanja wa umma uliotengwa kwa ajili hiyo, alihesabiwa kuwa ameikubali hatari ya mchezo, na mji haukudaiwa kwa hatari hiyo. Lakini kinga ile haikutolewa bure. Mji ulitakiwa kwanza kupitisha sheria ndogo ya kumlazimisha mchezaji kuvaa kofia ngumu na kinga za viwiko na magoti, kuibandika amri hiyo mahali pa kuonekana, na kuweka kumbukumbu za walioumia. Na mji uliojua kuna shimo na usionye haukukingwa. Miji ilijenga viwanja kwa wingi baada ya hapo. Hatusemi tuige kila cha Marekani. Kofia ngumu na viwiko vya plastiki havipatikani Igowole. Twasema tu kwamba walioogopa zaidi yetu walipata njia ya kujenga.

Hebu tuangalie upande wa mwananchi, kwa kuwa afisa aliyezungumza nasi aliogopa kesi kana kwamba kesi ni jambo jepesi kwa mzazi wa Mgololo. Historia yake ni ndefu. Mwaka 1972 Serikali za Mitaa zilivunjwa Bara, na kazi zao zikashikwa na watumishi wa Serikali Kuu mikoani na wilayani. Katika miaka hiyo Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali ya mwaka 1967, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 1974, ilimtaka anayeishtaki Serikali apate kwanza ruhusa ya Serikali hiyo hiyo. Sheria namba 7 na namba 8 za mwaka 1982 zikaweka msingi mpya wa halmashauri za wilaya na za miji, zile za wilaya zikaanza tena kazi mwaka 1984, na zote zikiwa na nafsi ya kisheria: zaweza kushtaki na kushtakiwa kwa jina lao. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, ikatamka kuwa sharti la kuomba ruhusa linapingana na Katiba. Mwaka uliofuata Bunge likaliondoa, likaweka badala yake taarifa ya siku 90.

Mwananchi akapumua. Lakini mwaka 2020 yakaja marekebisho mengine. Halmashauri, hata ya kijiji, imeingizwa katika maana ya Serikali kwa ajili ya mashauri haya. Anayetaka kuidai lazima aipe taarifa ya siku 90, nakala zifike kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Siku zikiisha, amwunganishe Mwanasheria Mkuu katika kesi, na kesi ifunguliwe Mahakama Kuu. Mashauri mengi yaliyofunguliwa bila kumwunganisha yametupwa hata kabla ushahidi haujasikilizwa. Twafahamu nia ya Serikali: halmashauri zilikuwa zikishindwa kesi kwa kukosa watetezi hodari, na fedha za wananchi zikapotea. Nia hiyo ni njema. Ila tumpime mzazi wa mtoto aliyevunjika mkono kwa bembea iliyooza. Mahakama ya Wilaya iko Mafinga, naye haruhusiwi kuipigia hodi. Ataandika taarifa kwa lugha ya kisheria, ataipeleka ofisi tatu, atangoja miezi mitatu, kisha atapanda basi hadi Mahakama Kuu, Iringa mjini, ili adai gharama ya plasta na siku za kibarua alizopoteza. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 yaweza kumsaidia, akimpata wa kumsaidia. Kwa kweli wengi hawataanza safari hiyo.

Kwa hiyo hofu ya afisa yule ina ukubwa usiolingana na kitu chenyewe. Halmashauri imezungukwa na kuta tatu au nne za sheria, ilhali mtoto hana hata uzio wa miti mbele ya lori.

Tena afisa yule alisahau kwamba kutojenga nako kuna sheria yake. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na mkataba huo wataja mchezo na mapumziko kuwa haki. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yaitaja haki ya kucheza, na yaipa mamlaka ya serikali ya mtaa jukumu la kulinda na kuendeleza ustawi wa watoto walio katika eneo lake. Zanzibar ilitunga sheria yake ya watoto mwaka 2011, na sheria ya Serikali za Mitaa mwaka 2014. Mambo haya si ya Muungano, na kila upande una nafasi ya kujipangia. Ni kweli kwamba mzazi hawezi kwenda mahakamani kudai bembea. Lakini diwani aliyeapa, na mkurugenzi anayesimamia bajeti, hawawezi kusema kuwa kutotenda ni mahali salama pa kujificha.

Kuna jambo la umiliki, na hapa twataka kusema na Chama chetu kwa uwazi, maana mwanachama asiyeweza kusema ndani ya nyumba yake hafai kusema nje. Viwanja vingi vya michezo katika nchi hii ni mali ya Chama Cha Mapinduzi: Samora wa Iringa, Sokoine wa Mbeya, Kirumba wa Mwanza, na vingine. Chama si Serikali. Hakina siku 90 wala Mahakama Kuu ya kukisubirisha; kinashtakiwa kupitia wadhamini wake kama mtu mwingine yeyote. Wapo makatibu wa Chama ambao hawajapata hata siku moja kutembea juu ya majukwaa wanayoyapangisha kwa harusi na mikutano ya injili ili kutazama kama mbao zake zina misumari iliyochomoza. Wakati wa chama kimoja, kiwanja cha Chama na cha Serikali vilihesabiwa kuwa kitu kimoja na hakuna aliyeuliza. Tangu mwaka 1992 hali imebadilika, na suala la nani mwenye kiwanja limekuwa suala la nani atakayelipa.

Na mashirika ya umma je? Yalipokuwa hai yalijenga nyumba za wafanyakazi, zahanati, kilabu, na viwanja vya mpira. Yalipouzwa, mitambo ilihesabiwa mpaka kijiko cha mwisho cha karakana. Kiwanja cha mpira kilikwenda kwa nani? Kwa mnunuzi, kwa kijiji, au kwa halmashauri? Mahali pengi katika nchi hii jibu halijaandikwa popote. Magoli ya chuma yamesimama bila kuzikwa vizuri, watoto huning'inia juu yake, na siku goli litakapoanguka kila mmoja ataonyesha kidole kwa mwingine. Mali isiyo na mwenyewe haina anayeikagua, na kwa macho ya sheria mwenye kuidhibiti ndiye atakayeulizwa, awe na hati au hana.

Tunachokitaka si fedha nyingi. Halmashauri iandike katika kitabu kila kiwanja kilichomo ndani ya mipaka yake na jina la mwenye kukidhibiti. Ambapo mwenyewe ni halmashauri, mtu mmoja mwenye jina na cheo akikague kila mwezi, aandike tarehe, aandike alichokiona na alichokitengeneza. Daftari hilo ndilo wakili wake atakalolishika mbele ya jaji siku ikifika, nalo litafaa kuliko bango kubwa la kusema kuwa halmashauri haitahusika na ajali yoyote. Mabango hayo tunayaona kila mahali. Mtoto wa miaka sita hayasomi, na wala hayamwondolei mwenye kiwanja wajibu wa kuziba mtaro aliouacha wazi.

Kwa watunga sheria tuna ombi jingine. Zile siku 90 zitumike kwa kazi. Ajali ikitokea kwenye kiwanja cha umma, halmashauri iende kumwona mtoto, ipime kosa lake, na kama kosa lipo imalizane na mzazi kwa gharama za matibabu kabla ya mtu yeyote kwenda Iringa. Na madai madogo ya kuumia yarudishwe Mahakama ya Wilaya, Mwanasheria Mkuu akibaki na haki ya kuingia akiona inafaa. Visiwani, Baraza la Wawakilishi laweza kwenda mbele zaidi kwa kutunga kifungu kama kile cha California kwa ajili ya vijana wa Forodhani na wa ubao wa magurudumu, chenye kinga kwa Manispaa inayokagua na isiyo na kinga kwa Manispaa inayolala.

Kuhusu mtoto mwenye plasta, hakuna aliyemkosea kisheria. Aliteremka mwenyewe, kwa ubao alioutengeneza mwenyewe, mahali asipoalikwa na yeyote. Jaji yeyote angelitupa shauri lake. Sisi twaliona ni shauri zito kuliko yote tuliyoyataja, na hakuna masjala ya kulifungulia isipokuwa ukumbi wa madiwani.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kabla makisio hayajapitishwa, twawaomba wakurugenzi wa halmashauri Bara, na wa mabaraza ya manispaa, ya miji na ya wilaya Unguja na Pemba, kila mmoja amwite mwanasheria wake na mhandisi wake, watoke kwa miguu mpaka kiwanja kilicho karibu na ofisi, wakipite chote, waandike walichokiona, na watie saini. Kwa wenzetu wa Mgololo, kazi ya kwanza ni kuutafuta mteremko usiopita lori.